Kutoka Mtini Hadi Mnarani

Somo letu la leo ni Ufunuo 2, waraka kwa kanisa la Efeso.

Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya theolojia, nilipelekwa kutazama majengo ya kale. Ngome ya Durham niliipita upesi. Maaskofu walikaa mle kwa karne nyingi, ndani ya kuta nene kama wakuu wa vita, jambo lililonitia haya kidogo. Lakini kwenye magofu ya Fountains, huko Yorkshire, nilikaa mchana kutwa.

Mwaka 1132 watawa 13 waliiacha nyumba yao tajiri mjini York, kwa kuwa waliona maisha ya pale yamekuwa ya raha mno. Askofu Mkuu Thurstan akawapa bonde la mto Skell, mahali pa mawe na miiba. Yalikuwa majira ya baridi, nao hawana nyumba. Walijikinga chini ya mti mkubwa, na habari zao zasema kwamba njaa ilipowazidi walichemsha majani wakala. Sala zao hawakuziacha.

Kisha kondoo wakaongezeka. Sufu yao ikanunuliwa hata na wafanyabiashara wa Italia. Jumba lao la ghala lingali limesimama, urefu wake wazidi mita 90. Nilitembea ndani yake nikisikia nyayo zangu tu. Hatimaye abate Marmaduke Huby akajenga mnara wa karibu mita 50. Watawa hawakuufaidi hata miaka 50. Mwaka 1539 nyumba ile ilifungwa kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane, yule yule aliyelitenga Kanisa la Uingereza na Roma. Na tusifichane, wapendwa: mfalme aliitamani mali.

Lakini mimi nilijiuliza, kati ya mti na mnara, ni siku gani walipofanana na wale waliowakimbia? Sidhani yupo aliyeiona siku hiyo. Shamba moja, kisha jingine, na kila moja kwa sababu njema.

Kanisa letu nyumbani lilianza chini ya mkuyu. Juzi nililetewa daftari la fedha nitie sahihi. Mabati mapya, rangi, vipaza sauti, ukuta wa ua. Fungu la wajane halikuandikwa kitu. Nililirudisha bila sahihi, nikawaomba wazee wa kanisa tukakae kwanza chini ya mkuyu ule. Bado upo, nyuma ya vyoo.