MTAZAMO WA WATEJA JUU YA BENKI ZINAZOFUATA SHARIA YA KIISLAMU

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba)



Tangu mwaka 2011 wananchi wa Visiwa hivi wamekuwa na nafasi ya kuchagua. Katika mwaka huo Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifungua huduma zinazofuata Sharia ya Kiislamu. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Amana Bank ilianza kazi Dar es Salaam, ikiwa benki ya kwanza katika Tanzania kuendeshwa yote kwa misingi hiyo. Kwa hivyo, suala lililopo si tena kama huduma hizo zinapatikana. Suala ni namna mteja anavyozitazama, na kama anauelewa mkataba anaoutia saini.

Katika mazungumzo ya watu husikika rai mbili. Wapo wasemao kwamba hiyo ni riba ile ile iliyovishwa kanzu. Wapo pia wanaoamini kwamba benki yenye jina la dini haina budi kukopesha bila ya nyongeza yoyote. Rai hizi zinapingana, lakini asili yake ni moja, nayo ni kutojua mkataba unavyofanya kazi.

Chukua mfano wa murabaha, mkataba unaotumika sana. Mvuvi anahitaji mashine ya boti yenye thamani ya shilingi 6,000,000. Benki ya kawaida humpa fedha na kumtoza riba. Katika murabaha, benki huinunua mashine yenyewe, ikaimiliki, kisha ikamuuzia mvuvi kwa shilingi 6,900,000, huku ikimweleza wazi kwamba faida yake ni shilingi 900,000. Mvuvi hulipa shilingi 287,500 kila mwezi kwa miezi 24. Mashine ikiharibika kabla ya kukabidhiwa, hasara ni ya benki. Bei ikishaafikiwa haipandi, hata mnunuzi akichelewa kulipa.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya biashara na riba, tofauti iliyowekwa na Sura ya Al-Baqara katika aya ya 275. Hata hivyo, tofauti hiyo haina maana kwamba huduma ni ya bure, wala kwamba siku zote ni ya bei nafuu. Jumla ya malipo ya murabaha yaweza kuwa sawa na ya mkopo wa riba, au hata kuizidi. Anayekwenda benki akitarajia sadaka atarudi na manung'uniko.

Kwa upande wa wenye kuweka fedha, upo mkataba wa mudharaba. Mteja hutoa mtaji, benki hufanya kazi, na faida hugawiwa kwa fungu lililokubaliwa tangu mwanzo. Fungu likiwa 60 kwa 40, faida ya shilingi 1,000,000 itampa mmoja 600,000 na mwengine 400,000. Ikitokea hasara ya kweli, isiyotokana na uzembe wala kuvunjwa kwa masharti, mwenye mtaji ndiye anayeibeba, na benki hupoteza jasho lake. Wateja wengi hulipokea sharti la faida kwa furaha, lakini la hasara huwa hawakulisikia.

Ndugu wananchi, hali hii haikuanza hapa. Mwaka 1963, huko Mit Ghamr katika delta ya Mto Nile, Dk. Ahmad El-Naggar alianzisha benki ya akiba isiyotumia riba kwa ajili ya wakulima na mafundi wadogo. Watu hao hawakuwa na mazoea ya benki, lakini waliweka akiba zao kwa sababu benki ilikuwa karibu nao na waliona fedha zikitumika katika kazi za mji wao. Jaribio lenyewe lilisimamishwa baada ya miaka michache, lakini lilionesha kwamba imani ya mteja hujengwa kwa anachokiona kwa macho yake.

Wataalamu waliochunguza wateja baadae walikuta mambo yanayofanana na hayo. Utafiti wa Cengiz Erol na Radi El-Bdour nchini Jordan, uliochapishwa mwaka 1989, ulionesha kwamba dini haikuwa sababu kuu ya kuchagua benki ya Kiislamu, na kwamba faida ilikuwa na uzito mkubwa. Nchini Malaysia, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba Waislamu na wasiokuwa Waislamu walikaribiana katika vigezo vyao, na wote walithamini huduma ya haraka na yenye ufanisi. Huko Bahrain, utafiti wa mwaka 1998 uliiweka dini mbele na faida ikafuatia. Hata hivyo wateja hao, walioijua vyema hesabu yao ya kuwekea fedha, hawakuifahamu vya kutosha mikataba ya kugharimia biashara.

Kwa hakika, dini humfikisha mteja mlangoni, lakini kinachombakisha ndani ni huduma njema na maelezo ya kweli. Jina peke yake si dhamana. Katika miaka ya 1980 nchini Misri, kampuni za uwekezaji zilizojinasibisha na Uislamu zilikusanya akiba za watu wengi kwa ahadi ya faida kubwa. Kufikia mwaka 1988, Serikali ilipotunga sheria ya kuzidhibiti, kubwa miongoni mwao ziliporomoka, na wenye akiba wakapata hasara kubwa.

Aidha, wanaotilia shaka hawapaswi kubezwa. Pale ambapo bidhaa haipo ila katika karatasi, na mteja anatoka na fedha taslimu mkononi, shaka yao ina msingi. Ndiyo maana Oman, nchi yenye udugu wa damu na Visiwa hivi, iliyapiga marufuku kwa jumla mauziano ya namna hiyo, yanayoitwa tawarruq, katika kanuni zake za Disemba 2012.

Kutokana na hayo, mtumishi ambaye mshahara wake utakatwa miezi 24 au zaidi ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini: Bidhaa ni ipi, na nani anaimiliki sasa? Benki imeinunua kwa bei gani, na faida yake ni kiasi gani? Nikichelewa kulipa, adhabu yake ni nini, na fedha hizo zinakwenda wapi? Ni wanavyuoni gani wanaoikagua mikataba hii?

Maafisa wa benki nao wana wajibu wa kuyajibu hayo kwa Kiswahili fasaha, bila ya kumtisha mteja kwa istilahi za Kiarabu wala za Kiingereza. Afisa anayesema "hii ni halali, tia saini tu" anaivunjia heshima huduma anayoiuza. Kadhalika, mteja anayechelewesha malipo kwa makusudi kwa kuwa deni haliongezeki anakula haki za wenzake walioweka amana, na anampa mwenye shaka hoja mpya. Deni ni deni.

Huduma hizi ziko wazi kwa kila mwananchi, awe Muislamu au asiwe. Ajiungaye nazo na ajiunge kwa kuelewa, na akataaye na akatae kwa kuelewa. Anayeuliza leo hatojuta mshahara utakapoanza kukatwa.