MSHAURI ALIYERUDI KWAKE

Somo letu la leo latoka katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18.

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya iliongeza umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Hata hivyo, mtu wa miaka 60 aweza kuwa na nguvu bado. Yule aliyesimamia miradi ya maji kwa miaka 30 huondoka ofisini na ujuzi wake wote kichwani. Wengi wa namna hii huanza kazi mpya, kuwa washauri wa kulipwa. Je, Neno la Mungu lawaambia nini?

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Mlawi alipotimiza miaka 50 aliachishwa kazi nzito ya hema. Lakini hakutupwa. Alibaki kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Basi kuacha cheo si kuacha utumishi.

Sasa mtazameni Yethro, kuhani wa Midiani, mkwewe Musa. Alipofika jangwani hakuanza kwa kutoa amri. Kwanza, alitazama: watu walisimama kutwa nzima wakingoja kuamuliwa. Pili, aliuliza sababu. Tatu, alisema wazi kwamba njia ile ingemchosha Musa na watu pia. Ndipo akatoa shauri linalotendeka: wachaguliwe watu waaminifu, wasiopenda rushwa, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na Musa aletewe yale magumu tu. Tena aliliweka shauri hilo chini ya mapenzi ya Mungu.

Ndugu, mshauri ana majaribu yake. Akilipwa kwa siku, aweza kutamani kazi isiishe. Akitaka kuitwa tena, aweza kumwambia mkubwa yale anayopenda kusikia, huku akijua kwamba kisima kitakauka na akina mama watarudi mtoni na mitungi yao. Kulipwa si dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliikubali haki ya mtenda kazi alipowatuma wale sabini, katika Luka 10. Dhambi ni kuuza ujuzi na kuificha kweli.

Yethro hakujifanya mtu wa lazima. Alisema lake, akarudi nchini kwake, na kazi ikaendelea bila yeye. Hicho ndicho kipimo cha shauri jema.

Nawe unayeshauriwa, kumbuka kwamba Musa, aliyesema na Mungu, alimsikiliza mzee huyu mgeni, akayatenda yote aliyomwambia.

Na tuombe. Ee Bwana, uwape wenye ujuzi ulimi wa kweli, nasi utupe masikio ya kusikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.