Juu ya Makomeo, Kufuli na Funguo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Chama chetu, Chake Chake, Pemba



Nimeombwa na Kamati niseme maneno machache juu ya njia za kuziimarisha nyumba zetu, na maduka ya ndugu zetu, ili mwizi asiingie kwa urahisi. Mimi si seremala wala mhunzi. Ni karani, na kazi yangu ya kila siku ni kuandika kilichoingia na kilichotoka. Walakini jambo hili lina sehemu yake kubwa ya ukarani, nami nitaifikia baadaye.

Hapana haja ya kueleza kwa nini Kamati imechagua jambo hili sasa, msimu wa karafuu ukiwa unakaribia. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka katika kisiwa chetu hiki, na kila mmoja wetu, hata yule anayekaa ofisini mchana kutwa, ana mikarafuu yake, au ya baba yake, au ya mjomba wake. Kilo moja ya karafuu kavu hutokana na kilo tatu hivi za karafuu mbichi. Mtu amepanda mkarafuu, amechuma, amechambua, ameanika juani siku kadha wa kadha na kuanua kila wingu lilipotanda. Kisha mazao yale hulala nyumbani katika magunia kabla ya kupelekwa kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC. Usiku ule kazi ya mwaka mzima hulindwa na mlango mmoja. Basi yatupasa tuuangalie mlango ule kwa macho ya mwizi.

Mwizi hatazami kufuli kwanza. Hilo ndilo neno la kwanza ninalotaka mlishike. Sisi tukitaka kujilinda, hukimbilia dukani tukanunua kufuli kubwa, tukafurahi kwa uzito wake mkononi. Kisha tunaining'iniza katika tumbuu iliyopigiliwa kwa misumari miwili myembamba, katika mwimo uliokwisha kuliwa na mchwa. Mwizi mwenye mtaimbo haigusi kufuli ile hata kidogo. Hung'oa tumbuu, na kufuli huanguka chini ikiwa nzima, imefungwa vizuri, na ufunguo wake u mfukoni mwa mwenyewe. Nguvu ya mlango ni nguvu ya kile kilicho dhaifu kuliko vyote mlangoni.

Kwa hiyo tuuhesabu mlango sehemu kwa sehemu. Kwanza ni miimo: tuigonge kwa kifundo cha kidole, na tukisikia sauti ya uwazi tujue mchwa wamo. Pili ni mbao zenyewe. Ubao wa mfenesi au wa mvule uliokaushwa vizuri hudumu miaka mingi, bali ubao mwembamba wa kubandika huvunjika kwa teke moja. Tatu ni bawaba: zikiwa zimefungwa upande wa nje, mtu aweza kuzifungua skrubu zake na kuuondoa mlango mzima pasipo kugusa kufuli. Nne ni tumbuu na chuma kinachoivaa. Hivyo visipigiliwe misumari. Vifungwe kwa bolti zinazopenya ubao hata upande wa ndani, na nati zikazwe huko ndani, mahali ambapo mkono wa aliye nje haufiki. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, nayo huongeza nguvu ya mlango kuliko kufuli mpya ya bei kubwa.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya. Tazameni milango ya nyumba za kale: mbao mbili nzito zenye kukutana katikati, na mfaa ulioufunika ule ufa wa makutano ili kusiwe na nafasi ya kupenyeza chuma. Chini kuna mnyororo uliovaa tumbuu, na ndani kuna pingo linalokaa kwa upana. Pingo halina ufunguo, kwa hiyo haliwezi kufunguliwa kwa ufunguo wa kuiga. Kwa mtu aliye ndani usiku, hata leo sijaona kilicho bora kwa bei ile kuliko kipande cha mti mgumu kilichokaa sawasawa katika vishikio vyake.

Sasa nije kwenye kufuli na vitasa. Ni vema tujue vinavyofanya kazi, maana anayejua kitu hadanganywi dukani. Tangu zama za kale watu wa Misri walitumia komeo la mti lenye vijiti vidogo ndani yake. Vijiti vile huanguka katika matundu ya komeo na kulizuia lisisogee, na ufunguo, ambao nao ni wa mti wenye meno, huvisukuma juu vyote pamoja, ndipo komeo hupita. Linus Yale wa Marekani aliichukua kanuni iyo hiyo akaitia katika kitasa kidogo cha chuma, akapata hati zake za uvumbuzi mwaka 1861 na mwaka 1865. Vitasa vingi tunavyotumia leo ni vya namna hiyo. Meno ya ufunguo huinua vijiti kila kimoja kwa kimo chake, na kikipita kiasi au kikipungua, kitasa hakizunguki.

Je, kiko kitasa kisichofunguka? Huko London fundi Joseph Bramah alipata hati ya kitasa chake mwaka 1784, na baadaye kitasa kimoja cha aina ile kikawekwa katika dirisha la duka, na ahadi ya gini 200 kwa atakayekifungua pasipo ufunguo. Kilikaa miaka na miaka, hata mwaka 1851 penye Maonyesho Makuu ya London akaja Alfred Charles Hobbs, fundi wa Kimarekani. Kitasa cha Chubb, kilichosifiwa sana, alikifungua kwa dakika 25. Kile cha Bramah kilimchukua saa 51 hivi, katika muda wa siku 16, lakini kilifunguka. Tusikate tamaa kwa hadithi hii, bali tupate kipimo. Kufuli hainunui usalama wa milele; hununua muda. Mwizi wa kwetu hana siku 16. Ana dakika chache kabla mbwa hajabweka au jirani hajakohoa. Tukimfanya atumie robo saa yenye kelele mahali alipotegemea nusu dakika ya kimya, mara nyingi tutakuwa tumemshinda.

Katika kununua, nashauri mambo matatu. Moja, kile chuma kilichopindwa kama upinde kiwe kinene, wala kisibaki na nafasi kubwa kikivaa tumbuu, maana katika nafasi ile ndimo mtaimbo hupenya. Pili, ombeni mwenye duka awaonyeshe kufuli mbili tatu za aina moja, mjaribu ufunguo wa hii katika ile. Kufuli za bei ya chini sana hutengenezwa kwa tofauti chache za meno, na si ajabu ufunguo wa jirani ukafungua kwako. Tatu, kumbukeni bahari. Hewa ya chumvi ya kisiwa chetu hula chuma upesi. Mwili wa shaba hustahimili zaidi. Wengi wetu kufuli ikikaza huitia mafuta ya nazi, lakini baada ya muda mafuta yale huganda na kushika vumbi, na kufuli hukaza kuliko kwanza. Unga wa kalamu ya risasi, uliokwanguliwa kwa kisu na kupulizwa tunduni, ni dawa bora.

Tena, kufuli inayoning'inia nje ni barua iliyo wazi: humwambia kila apitaye kwamba wenyewe hawapo. Mwenye kusafiri kwenda Unguja kwa siku nyingi afadhali awe na kitasa kilichomo ndani ya ubao, kisichosema kama mna watu au hamna, na jirani amwashie taa jioni. Kwa mwenye duka, nguvu yote isiwekwe mlango wa mbele unaotazama barabara. Mwizi hupendelea mlango wa uani, dirisha la choo, na bati la paa lililolegea. Na fedha za mauzo zisilale dukani, kwani droo tupu iliyoachwa wazi haivunjwi.

Sasa nafika kwenye sehemu niliyoiita ya ukarani, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Twazungumza sana juu ya kufuli, twanyamaza juu ya funguo. Ni nani katika sisi ajuaye kwa hakika funguo za nyumba yake ni ngapi, na ziko kwa nani? Mtumishi akihamishwa kutoka Wete kwenda Mkoani humwachia mwenzake nyumba na ufunguo mmoja. Wala hapana aulizaye kama mpangaji wa kabla yake alikuwa na wa pili. Ofisini vivyo hivyo: kabati moja, funguo tatu, na mmoja haujulikani uliko tangu mkubwa wa zamani alipostaafu.

Kitu kikipotea mahali penye kuvunjwa, twamtafuta mwizi. Lakini kitu kikipotea mahali ambapo hapakuvunjwa, twamtafuta mtu wa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako, twasema upesi, na macho yote humgeukia kijana wa kazi, au mlinzi, au karani mdogo aliyekuwa wa mwisho kutoka. Pengine ni yeye. Pengine si yeye, na hana namna ya kujitetea, kwa kuwa hapana karatasi yo yote inayoonyesha ni nani aliyeshika ufunguo siku ile. Fedha zaweza kulipwa kidogo kidogo mpaka zikaisha, ila jina la mtu katika kisiwa kidogo kama hiki, ambamo sote twajuana kwa baba na babu, likishaitwa jina la mwizi halioshwi kwa risiti. Mwenye kuacha funguo bila hesabu huwaweka wasio na hatia katika hatari kubwa kuliko hatari ya mali yake.

Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nasema, na funguo ziwe na daftari. Daftari la kurasa chache latosha: ufunguo wa mlango upi, umechukuliwa na nani, saa ngapi, umerudishwa lini, na sahihi yake. Ufunguo ukipotea, kitasa kibadilishwe siku ile ile, wala kusingojewe upatikane. Mtu akihamishwa, funguo zihesabiwe mbele ya mashahidi wawili. Daftari hili lisionekane kama alama ya kutoaminiana. Ni ngao ya mtumishi mwaminifu, na yeye ndiye anayepaswa kulidai kwa sauti kubwa kuliko wote.

Neno moja la onyo kabla sijamaliza. Kwa hofu ya wezi watu wengi siku hizi hutia nondo katika kila dirisha, na usiku hufunga mlango kwa kufuli ya ndani, na ufunguo huwekwa chini ya mto wa baba. Yafaa tukumbuke yaliyotokea katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, huko Machakos, Kenya, mwezi wa Machi 2001. Bweni lilitiwa moto usiku. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 walikufa. Mlango una kazi mbili, kumzuia wa nje na kumtoa wa ndani, nao ukisahau ile ya pili umekuwa mtego. Kwa hiyo kila nyumba yenye nondo iwe na dirisha moja ambalo nondo zake hufunguka kwa ndani, na mahali pa ufunguo pajulikane na kila mtu wa nyumba, hata mtoto, gizani.

Najua wako watakaosema: Maneno haya ni ya wenye nyumba za mawe, mimi nyumba yangu ni ya udongo na makuti, mwizi akitaka atatoboa ukuta. Ni kweli. Kwa mtu huyo nasema, ukuta wako wa kwanza ni jirani. Wenye karafuu wa mtaa mmoja na waanike na kulinda kwa zamu, magunia yakusanywe katika nyumba iliyo imara kuliko zote, yakiwa na alama ya kila mwenyewe na kuandikwa katika daftari, na Sheha ajulishwe. Karafuu zikishakauka zipelekwe kituoni upesi. Gunia lililokwisha kuuzwa haliibiwi.

Bwana Mwenyekiti, naomba nitoe mashauri mawili mbele ya Kamati. La kwanza, kila tawi letu limwombe mkuu wake wa ofisi kufungua daftari la funguo kabla msimu wa karafuu haujaanza. La pili, Chama kipatane na seremala mmoja mwaminifu apite katika nyumba za wanachama, kwa zamu na kwa malipo yaliyokubaliwa, akague miimo, bawaba na tumbuu, na kubadilisha misumari kwa bolti. Gharama yake kwa kila nyumba itakuwa ndogo kuliko thamani ya gunia moja la karafuu.

Mwenye swali na aulize, na mwenye ujuzi kuliko mimi na anisahihishe, ili sote tufaidike.