Sherifu Akigonga Mlango: Katoka Wapi na Mwisho wa Nguvu Zake ni Wapi?

(Mada niliyoitoa kwenye mkutano wa Waafrika Mashariki, Troyeville, Johannesburg. Naiweka hapa kwa ajili ya waliokosa kufika na ndugu walioko nyumbani.)



Mtashangaa nesi anatafuta nini kwenye mambo ya mahakama. Jibu ni fupi. Mtu akitolewa kwenye chumba usiku, vidonge vyake vya kifua kikuu au vya presha hubaki ndani, na kadi yake ya kliniki hupotea. Wiki tatu baadaye anarudi kwetu akiwa hoi. Kwa hiyo habari ya nani ana haki ya kukutoa nyumbani ni habari ya afya pia.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Huyu sherifu si sharifu wa kwetu pwani, wala si yule wa sinema za Kimarekani mwenye nyota kifuani. Asili yake ni Uingereza, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kila jimbo lilikuwa na msimamizi wa mfalme, akikusanya kodi na kukamata wahalifu. Wengi waligeuka miungu watu, ndiyo maana hata mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215 una vifungu vya kuwabana. Wakati ule sherifu aliweza kubeba nafaka ya mtu bila kulipa!

Waingereza walipounda Mahakama Kuu mpya kule Cape mwaka 1828, sherifu akaja nayo. Baadaye nchi hii ikawa na watu wa aina mbili: manaibu sherifu wa mahakama za juu na matarishi wa mahakama za mahakimu. Sheria namba 90 ya mwaka 1986, iliyoanza kazi mwaka 1990, iliwaunganisha wote wakaitwa sherifu. Leo huteuliwa na Waziri wa Sheria, husimamiwa na Bodi ya Masherifu, na hulipwa ada kwa kila kazi kufuatana na viwango vilivyowekwa. Kwa Mtanzania, mfikirie dalali wa mahakama. Anapeleka hati, anakamata mali ya mdaiwa, anaipiga mnada, na anatoa watu kwenye nyumba.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Enzi za ubaguzi serikali haikuwa na haja ya kumsikiliza mpangaji. Sophiatown, upande wa pili wa jiji hili, ilianza kuvunjwa Februari 9, 1955. Serikali ilijitungia sheria, ikaleta polisi na malori, watu wakamwagwa Meadowlands. Waliokuja kuandika katiba mpya walikuwa na kumbukumbu hiyo. Kifungu cha 26(3) cha Katiba ya mwaka 1996 kinakataza mtu yeyote kutolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuangalia mazingira yote. Tazameni, waungwana: kimesema mtu, hakikusema raia!

Sheria ya mwaka 1998 inayojulikana kama PIE ikaongeza meno. Hata anayekaa bila idhini lazima apewe taarifa ya maandishi siku 14 kabla ya kesi kusikilizwa, na jaji aangalie kama kuna wazee, watoto, walemavu na kina mama wanaoongoza familia. Kumtoa mtu bila amri ya mahakama ni kosa la jinai.

Watu maskini ndio walioipa sheria hiyo uhai. Mwaka 2004 wanawake wawili wa mji mdogo wa Prince Albert walifika Mahakama ya Katiba kwa sababu ya nyumba zao kuuzwa kwa madeni madogo sana. Deni la mmoja lilianzia kwenye randi 250! Mahakama ikasema nyumba ya mtu isiuzwe bila jaji kupima kwanza. Mwaka 2008 wapangaji wa Olivia Road, Berea, wakapata uamuzi kwamba jiji lazima lizungumze na watu kabla ya kuwatoa. Mwaka 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, watu 86 wa Saratoga Avenue walipata amri kwamba jiji liwape makazi ya muda. Hizo ni mitaa tunayopita kwa miguu kutoka hapa.

Basi mlango ukigongwa, shikeni haya:

1. Omba kuona cheti cha uteuzi cha sherifu na amri ya mahakama. Soma jina, anwani na tarehe.

2. Vijana wa ovaroli nyekundu, wale Red Ants, ni kampuni. Wao peke yao si mahakama. Sherifu akitumia wasaidizi, sheria ya PIE inamtaka awepo muda wote.

3. Sherifu si ofisa uhamiaji. Usiikimbie karatasi yake kwa kuogopa kibali chako. Ukiikimbia, kesi itasikilizwa bila wewe.

4. Akija kwa deni, sheria inalinda kitanda, nguo, chakula na, kwa kiwango fulani, vifaa vya kazi.

5. Dawa na kadi ya kliniki viwe kwenye mfuko mmoja, karibu na mlango.

Mwenyekiti, nimalizie na lisilopendeza. Wengi wetu hapa hawajawahi kumwona sherifu, lakini wamefungiwa nje na ndugu zao. Mswahili mwenzetu anakodi nyumba, anaigawa kwa mapazia, na mpangaji akichelewa siku tano anabadilisha kufuli. Tukiuliza anasema, "Hapa ni kwangu." Sheria ya nyumba za kupanga ya mwaka 1999 inamhusu na yeye. Kufungia mpangaji nje bila amri ya mahakama ni kosa, awe mwenye nyumba ni Mreno, Mzulu au Mnyamwezi.

Agosti 31, 2023 jengo la Usindiso, Marshalltown, liliungua na watu zaidi ya 70 wakafa, wakiwemo wenzetu kutoka Tanzania na Malawi. Watu hujazana kwenye majengo ya namna ile kwa sababu hawana pa kwenda wakitolewa kwingine. Kila kufuli tunayobadilisha usiku inamsukuma mtu huko.

Hoja yangu ni kwamba chama chetu kiweke kanuni moja: mwanachama anayepangisha asimtoe mtu bila karatasi ya mahakama. Tukishindwa kulifanya hilo sisi kwa sisi, tutamdai nani haki?

Naomba kuwasilisha.