SIKIO LAUMA, MWIVI YUMO KINYWANI

(Hotuba iliyotolewa na mwenezi wa tawi katika mkutano wa wanachama)



Najua wengine mmetazamia nizungumze habari za kadi na michango. Hayo yana siku yake. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze habari za sikio na jino.

Kwanza nina deni la kukiri mbele yenu. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipelekwa katika shule moja ya msingi kufanya mazoezi ya kufundisha. Darasani alikuwamo mtoto wa miaka 10 ambaye kila siku hukaa ameshika sikio la kushoto, kichwa amekilaza juu ya dawati. Nikimwuliza swali, hajibu. Nikamhesabu kuwa mvivu na mkaidi, nikamsimamisha pembeni mbele ya wenzake. Kumbe mtoto alikuwa mgonjwa. Mama yake, kwa huruma ya mzazi, alikuwa akimtia mafuta ya vuguvugu sikioni kila usiku.

Wiki ya tatu shavu likavimba, akapelekwa zahanati. Tabibu akalimulika sikio kwa taa, akaona ngoma ya sikio safi kabisa. Ndipo akamwambia, "Haya baba, fungua kinywa." Gego la chini, upande ule ule wa kushoto, lilikuwa limetoboka mpaka ndani, na ufizi umejaa usaha. Gego likang'olewa, na sikio likanyamaza. Nilimwomba radhi mtoto yule, lakini aibu ile ninayo hata leo.

Mtauliza: jino liko kinywani, sikio liko kichwani pembeni, wamejuana wapi? Nitawaeleza. Kila upande wa uso upo mshipa mkubwa wa fahamu, nao waganga huuhesabu kuwa ni wa tano katika mishipa ya kichwa. Tawi lake la chini hupeleka habari za meno ya chini, na za taya, na za sehemu ya sikio. Basi fikirini barua za vijiji viwili zinazotiwa katika mfuko mmoja. Karani wa mjini akipokea barua isiyo na anwani, aweza kudhani imetoka kijiji hiki, kumbe imetoka kile. Ubongo nao hukosea vivyo hivyo. Jino hulia, sisi tukashika sikio.

Tena si tundu la jino tu. Kijana wa miaka 17 mpaka 25 huota magego ya mwisho, na yakikosa nafasi ufizi huvimba, maumivu yakaenda sikioni. Na sasa kila mmoja aweke kidole mbele ya sikio lake, afungue kinywa na kukifunga. Mmesikia kitu kinacheza? Hicho ni kiungo cha taya. Mtu asagaye meno usingizini hukichosha kiungo hicho, akaamka asubuhi sikio lauma.

Tutatambuaje? Sikio likitoa usaha, au usikivu ukipungua, au maumivu yakizidi ukivuta ndewe, yaelekea ugonjwa umo sikioni. Lakini maumivu yakizidi ukitafuna, au ukinywa kitu cha baridi, cha moto au kitamu, au jino likiuma linapogongwa kidogo, basi tazama kinywani. Hata hivyo dalili hizi ni za kutuongoza njia tu. Mwenye kukata shauri ni tabibu, naye atazame kote kuwili.

Nawasihi, msitie sikioni mafuta, wala mafuta ya taa, wala maji ya majani. Dawa ya kutuliza maumivu hutuliza siku moja, tundu likabaki pale pale. Hata dawa ya kuua vijidudu peke yake haimalizi kazi, kwa kuwa shina la uovu ni jino lenyewe. Jino huzibwa likiwahiwa. Likichelewa husafishwa mizizi, au hung'olewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na ukuta huo waweza kuwa kaburi. Usaha wa gego la chini waweza kushuka chini ya ulimi na shingoni. Ukiona mtu amevimba chini ya kidevu, hawezi kumeza mate, sauti imebadilika, au anapumua kwa shida, usingoje kuche. Mkimbize hospitali saa ile ile. Kadhalika mtu mzima, hasa mtumiaji wa tumbaku, akiumwa sikio kwa wiki kadha na sikio lenyewe ni safi, achunguzwe kinywa na koo, kwani saratani nayo hujificha hivyo.

Wazazi, sikilizeni neno hili. Mtoto akifika miaka 6 hivi huota gego nyuma ya meno ya utoto. Wengi wetu hudhani nalo ni la utoto, litang'oka lije jingine. Sivyo! Hilo ni la maisha, na likipotea halioti tena. Gego la yule mwanafunzi wangu lilikuwa hilo hilo.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Na mwaka 2021 liliiingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha ya dawa za lazima. Tupige mswaki mara mbili kwa siku, na usiku kabla ya kulala usisahauliwe. Tupunguze sukari, maana vijidudu huigeuza kuwa tindikali ilayo jino.

Ndugu zangu, sikuja kuwapa maneno matupu. Naomba leo usiku kila mzazi achukue taa, atazame vinywa vya watoto wake. Na sisi walimu, kabla ya kumwita mtoto mvivu, tumwulize kwanza: "Wapi panauma?" Swali hilo halina gharama. Mimi sikuliuliza, na mtoto wa watu akaumia wiki tatu mbele ya macho yangu.