Kiti cha Spika na Mtihani wa Upande Wake



Katika Bunge letu la Tanzania, mbunge akiona mwenzake ametoka nje ya hoja husimama na kutamka, "Mheshimiwa Spika, kuhusu utaratibu." Aliyekuwa akizungumza huketi. Aliyesimama hutaja kanuni iliyovunjwa, kisha Spika huamua. Naupenda sana utaratibu huu, kwa kuwa unamlazimisha mlalamikaji aonyeshe ni kipi hasa kimevunjwa. Kuchukizwa hakutoshi. Maneno ya mwenzako yanaweza kukuchoma moyo na bado yakawa ndani ya hoja.

Lakini kanuni haijisimamii. Ninalotaka kulitetea jioni hii ni kwamba haki ya anayeongoza mjadala hupimwa kwa watu wa upande wake. Kumkatiza mpinzani aliyepotoka ni rahisi. Je, mwanachama mwenzake akipotoka vilevile, naye huambiwa arudi kwenye hoja?

Marehemu Samuel Sitta, aliyekuwa Spika wa Bunge, anatupa mifano miwili, ndiyo maana nimemchagua. Februari 2008, yeye akiwa kitini, Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe iliwasilisha bungeni Dodoma ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Spika, Waziri Mkuu na mwenyekiti wa kamati wote walikuwa wanachama wa chama tawala, CCM. Kisingizio cha kuuzima mjadala kisingekosekana. Ripoti ilisomwa hadharani, na tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Hata hapo palikuwa na dosari: Lowassa alilalamika ndani ya ukumbi kwamba kamati haikumwita kumhoji. Lalamiko hilo lilikuwa na uzito, na anayelipuuza kwa sababu tu hakumpenda Lowassa bado hajaielewa haki.

Miaka sita baadaye likaja Bunge Maalum la Katiba. Lilianza 18 Februari 2014, na wiki za mwanzo zikaishia kwenye kutunga kanuni, hasa ubishi wa kura ya siri au ya wazi. Wananchi wengi waliona fedha zao zinapotea. Mimi naona wajumbe walikuwa na haki ya kubishana, maana kanuni ndiyo kinga pekee ya walio wachache. Sitta akachaguliwa Mwenyekiti, na mezani ikawekwa Rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba, kwanza sura ya kwanza na ya sita, penye suala la Muungano kuwa na serikali mbili au tatu.

Hapo ndipo mjadala ulipopotea. Badala ya kupima muundo wa Muungano, wasemaji kadhaa walimgeukia Jaji Joseph Warioba, mwenyekiti wa Tume hiyo, na wenzake, wakapima nia zao. Wengine walirushiana kejeli. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka ukumbini, wakilalamikia matusi na kauli za kibaguzi. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa mwezi Oktoba wao wakiwa nje, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Sidai kwamba kiti peke yake kingeweza kuwarudisha. Palikuwa na misimamo ya vyama iliyokwisha kukomaa kabla ya kikao. Lakini muundo wa Muungano ulikuwa mezani, na nia ya Jaji Warioba haikuwa mezani. Kila aliyeigusa alistahili kuambiwa aketi, hata kama ukumbi ulikuwa ukimpigia makofi, na hasa kwa sababu ulikuwa ukimpigia makofi. Ukumbi ukishazoea kuona kosa moja likiadhibiwa upande huu na kuachwa upande ule, walio wachache hawasikilizi tena uamuzi wowote, hata ulio sahihi. Hutazama mlango.

Wanafunzi, nanyi mna bunge lenu, na mtachagua spika. Mgombea atakapokuja kuomba kura, msimuulize kuhusu ufasaha wake. Mwombeni awatajie mara aliyomwambia rafiki yake mbele za watu, "Umetoka nje ya hoja, keti." Asiyeweza kutaja hata moja, msimpe kiti.