Senti Saba na Nusu

Maneno waliyoambiwa wanachama baada ya kuonyeshwa sinema



Mmeiona sinema ya The Pajama Game, iliyotolewa Marekani mwaka 1957. Mmecheka, na sisi tumecheka. Sasa tuizungumze kidogo, maana ndani ya nyimbo zile mna habari yetu.

Kiwanda kile kiko Iowa, nacho chashona nguo za kulalia. Kwenye cherehani wamejaa wanawake. Mwajiri na meneja ni wanaume, na hata rais wa chama ni mwanamume. Wafanya kazi wanadai nyongeza ya senti 7½ kwa saa. Mtu atasema, hicho ni kitu gani? Fanyeni hesabu: saa 40 kwa wiki ni dola 3, na kwa mwaka ni dola 156. Haba na haba hujaza kibaba.

Anayesimamia malalamiko ya wenzake ni mwanamke, Babe Williams, aliyeigizwa na Doris Day. Meneja Sid anampenda, naye anampenda Sid. Lakini wakati wafanya kazi wanapofanya kazi polepole makusudi, Babe anaharibu mashine, na Sid anamfukuza. Mapenzi hayakumfanya awaache wenzake, na kwa hilo twamsifu. Kuharibu mashine hatusifu, kwa kuwa kulimpa mwajiri kisingizio.

Na mwisho wake? Sid anakwenda kustarehe na karani mwenye ufunguo wa daftari, karani analewa, ufunguo unapatikana. Kumbe mwajiri amekwisha kuzitia zile senti 7½ katika hesabu zake zamani, wala hazikuwafikia wafanya kazi! Ndipo nyongeza ikatolewa.

Hapa sisi tuna neno. Mama ndiye aliyepigania, bwana ndiye aliyeshika ufunguo. Walioshona hawakuliona daftari kwa macho yao.

Hapa Kenya hatuna haja ya kumlewesha karani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akitolee chama habari zote zinazohitajika katika mapatano. Ufunguo tunao. Swali ni hili: nani anaketi mezani? Uchaguzi wa kamati ukifika, akina mama jitokezeni. Akina baba, msiwacheke. Anayeshona nguo na ajue hesabu yake.

Umoja ni nguvu.